Kabla ya kumwaga lami kwenye tuta la reli ya zamani

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Nyuma ya makazi yetu inapita njia ya reli ya zamani, karibu kilomita 18 mpaka mji wa pili. Treni iliacha kupita miaka mingi iliyopita, vyuma vimeng'olewa, mataruma (ile mihimili iliyolaliwa na vyuma) yamebaki hapa na pale. Watu wanapita kwa miguu na baiskeli, ila wenye mashamba ya pembeni wameanza kusogeza uzio, na mmoja ameshajenga ukuta wa mawe juu ya tuta lenyewe. Tunataka iwe njia ya umma ya matembezi, mazoezi na baiskeli. Tumechangisha fedha kidogo. Wenzangu wengi wanataka tumwage lami kilomita ya kwanza haraka ili watu waone kazi. Wengine wanasema tukifanya hivyo reli haitarudi tena. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada katibu, salamu nyingi, na hongera kwa kamati. Swali lako limenigusa kwa sababu ya ule ukuta. Nitaurudia mbele.

Jibu langu kwa kifupi: msimwage lami sasa. Fedha mliyo nayo itumieni kwanza kujua ardhi ile ni ya nani kisheria, kipande kwa kipande, na kuzuia isiendelee kukatwa. Ikibaki, ipelekeni kwenye maji, yaani makalvati na mitaro. Uso wa njia, uwe lami au changarawe, ni kazi ya mwisho, na ndiyo rahisi kuliko zote. Kilomita moja ya lami nzuri inayoishia kwenye ukuta wa mtu haimfikishi mtu popote, na wakati mnaijenga kilomita nyingine 17 zinaendelea kumegwa.

Nieleze kwanza mmerithi nini, maana wengi wakitazama reli iliyokufa wanaona magugu na kokoto tu.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Ndiyo maana kichwa kimoja cha treni kinavuta mabehewa mengi, na ndiyo maana hiyohiyo kinashindwa na mlima. Kwa treni ya mizigo, kupanda mita 2 katika kila mita 100 ni kazi nzito tayari. Kwa hiyo waliojenga reli walichonga vilima, wakajaza mabonde, wakazungusha njia kwenye kona pana, wakatoboa mahandaki, mradi tu mwinuko usizidi kiasi hicho. Kazi hiyo ilichukua maelfu ya vibarua na miaka. Mmeipata bure. Leo mzee wa miaka 75, mtoto anayejifunza baiskeli na mtu wa kiti cha magurudumu wote wanaweza kupita njia hiyohiyo bila kuhema. Viwango vingi vya njia za watu wenye ulemavu vinataka mwinuko usizidi mita 5 kwa 100. Tuta la reli huwa chini ya nusu ya hapo bila kuguswa. Great Allegheny Passage ya Marekani, njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli za zamani, kilomita 240 kati ya Pittsburgh na Cumberland, inavuka safu ya milima kwenye kimo cha mita 729, lakini mpanda baiskeli wa kawaida hukutana na mwinuko usiofika hata mita 2 kwa 100 katika safari nzima.

Urithi wa pili ni mwendelezo. Ukanda mmoja mwembamba usiokatika, kutoka mji mpaka mji. Jaribuni kuununua upya leo, mkiwa na mamia ya wenye viwanja, muone kama mtamaliza katika uhai wenu. Tuta likibomoka linajazwa, daraja likianguka linajengwa jingine. Ila ukanda ukishagawanywa na hati zikatolewa, ndiyo basi.

Uingereza walilipia somo hili. Ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la reli la nchi hiyo, ilipendekeza kufungwa kwa takribani kilomita 8,000 za reli, na baada ya reli kufungwa ardhi nyingi iliuzwa vipande vipande. Madaraja yalivunjwa, nyumba zikajengwa juu ya matuta. Penye watu waliowahi, matokeo ni mengine kabisa. Njia ya Bristol na Bath, kilomita 21, ilijengwa kati ya mwaka 1979 na 1986 kwa mikono ya watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa, na sasa ni njia ya kila siku ya kwenda kazini na shuleni. Ireland wana mfano ulio katikati. Reli ya Westport kwenda Achill ilifungwa mwaka 1937 na ardhi ikaishia mikononi mwa wakulima. Zaidi ya miaka 70 baadaye, ilipojengwa Great Western Greenway ya kilomita 42, ilibidi kuzungumza na mwenye shamba mmoja mmoja atoe ruhusa ya watu kupita kwake. Ilifanikiwa, na ninaipenda njia ile, lakini ruhusa ya hiari ni ruhusa ya hiari: mwenye nayo anaweza kubadili mawazo.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Msikubali jibu la mdomo kwamba "ile ni ya reli." Kampuni au shirika la reli hupata ardhi kwa njia mbalimbali, na njia hizo ndizo zinazoamua kesi yenu. Kuna kipande ilichonunua moja kwa moja na kuwa mmiliki kamili. Kuna kipande ilichopewa na serikali kwa masharti. Na kuna kipande ambacho ilipewa haki ya kupitisha reli tu, ardhi ikabaki ya mwenye shamba. Katika kilomita 18 mnaweza kukuta aina zote tatu zimechanganyika. Tofauti yake inaonekana siku treni ikisimama. Penye umiliki kamili, shirika linaweza kuwauzia au kuwakodisha. Penye haki ya kupita tu, mwenye shamba anaweza kusema: reli imeondoka, haki yako imeisha, nirudishie changu.

Hili si la kinadharia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya ukanda wa reli huko Wyoming uliotolewa chini ya sheria ya mwaka 1875. Majaji 8 dhidi ya 1 walisema kampuni ya reli ilikuwa na haki ya kupita tu, na ilipoiacha njia, haki ile ilikufa na ardhi ikawa huru mikononi mwa mwenyewe. Miaka 24 kabla, mwaka 1990, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali katika kesi ya Vermont kwamba sheria ya kugeuza reli kuwa njia za umma ni halali, lakini ikawaachia wenye ardhi mlango wa kudai fidia. Sheria ya nchi yenu itakuwa na maneno yake. Ninachotaka mkishike ni swali la kumuuliza wakili: je, katika kipande hiki shirika la reli lilikuwa na ardhi, au lilikuwa na haki ya kupita?

Kazi ya vitendo ni hii. Nendeni ofisi ya ardhi na idara ya mali ya shirika la reli, mkaombe ramani za upimaji za wakati reli inajengwa. Ramani hizi kwa kawaida ni nzuri ajabu. Wapimaji wa reli waliandika upana wa hifadhi ya njia pande zote mbili, kila daraja, kila kalvati, na mara nyingi jina la aliyekuwa na shamba. Kisha mchukueni mpima ardhi mwenye leseni, mtembee naye njia nzima kwa miguu mkitafuta bikoni, yaani alama za mpaka. Nyingi zitakuwa zimefukiwa. Nakumbuka siku moja tulichimba saa nzima chini ya mzizi wa mti, tukakuta jiwe la mpaka lenye herufi za kampuni ya reli zilizochongwa zaidi ya miaka 80 nyuma, bado zinasomeka ukizipangusa kwa kidole. Mgogoro wa familia mbili uliokuwa umedumu miaka mingi uliisha mchana ule. Chorani ramani moja yenye rangi: kijani penye umiliki wazi, njano penye shaka, nyekundu pale ambapo mtu ameshajenga au amepata hati. Ramani hiyo itawafaa kuliko mchoro wowote wa lami.

Na yule mwenye ukuta? Msimwendee na barua ya wakili kwanza. Waende watu wawili anaowaheshimu, na ramani mkononi, wamuulize anaogopa nini. Katika miaka yangu ya kazi hii nimekuta sababu tatu zikijirudia: mifugo yake, wezi, au alidhani ardhi haina mwenyewe. Ya kwanza inatatuliwa kwa geti na kivuko cha ng'ombe. Ya pili nitaieleza. Ya tatu hutatuliwa na ile ramani. Akikataa kabisa ndipo sheria ifuate mkondo wake, wala msichelewe, kwa sababu katika sheria za nchi nyingi mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka mingi bila kupingwa huanza kupata haki juu yake. Andikeni pingamizi kwa maandishi sasa, hata kama mnaendelea kuzungumza kwa upole.

Kuhusu wale wenzako wanaohofia kwamba reli haitarudi, wape heshima yao, maana hofu hiyo ndiyo iliyozaa mbinu bora kuliko zote katika fani hii. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele mwaka 1916, zaidi ya kilomita 400,000. Malori, magari na ndege vilipouzidi nguvu, kampuni zikaanza kung'oa reli, na sheria ya mwaka 1980 iliyolegeza udhibiti ikarahisisha zaidi kuacha njia zisizo na faida. Bunge likaona nchi inapoteza kanda ambazo haitaweza kuzikusanya tena. Mwaka 1983 likaongeza kifungu katika sheria ya njia za matembezi za taifa: kampuni inayotaka kuacha njia inaweza kuikabidhi kwa chombo cha umma au cha hiari kitakachoitunza, njia itumike kwa matembezi, na kisheria ihesabiwe kuwa haijaachwa. Ni kama kuiweka benki. Siku reli ikihitajika, inarudi. Mara chache imerudi kweli. Muhimu zaidi, kwa kuwa njia haihesabiwi kuwa imeachwa, haki ya kupita haifi.

Kwa hiyo wajibuni wenzenu hivi: njia ya matembezi ndiyo inayoitunza njia ya reli. Tuta lenye watu kila siku halimegwi kimyakimya. Kama nchi yenu haina kifungu kama kile, andikeni sharti hilo katika mkataba wenu na shirika la reli: kwamba mnapewa matumizi kwa miaka kadhaa, kwamba hamtajenga jengo la kudumu juu ya tuta, na kwamba reli ikihitajika mtapisha au njia itahamia pembeni. Nimeona mashirika ya reli yaliyokuwa yamekataa katakata yakilegea baada ya kusoma sharti hilo, kwa sababu afisa anayesaini hataki kukumbukwa kama aliyegawa mali ya taifa.

Kuna jambo moja la haraka katika mazungumzo hayo, kama kuna sehemu ambayo vyuma bado havijang'olewa. Mkandarasi wa chuma chakavu hulipwa kwa uzito. Daraja la chuma ni tani nyingi. Katika mradi mmoja nilioitwa nikiwa nimechelewa, mkandarasi aliruhusiwa kuondoa "reli na vifaa vyake," na akahesabu madaraja manne kuwa vifaa. Tulibaki na nguzo za mawe mtoni, zimesimama peke yake kama meno. Gharama ya kuyarudisha ilizidi kila kitu kingine katika bajeti. Hakikisheni mkataba wa kung'oa unataja kwa majina kwamba madaraja, makalvati na kokoto vinabaki.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Tuta la reli ni ukuta mrefu wa udongo unaokatiza mabonde. Kila penye bonde maji yanataka kupita, na waliojenga waliyapitisha kwa kalvati chini ya tuta. Reli ikiwa hai, kulikuwa na genge la njia, watu waliopita kila wiki na majembe wakisafisha. Genge lilipoondoka, hakuna aliyesafisha tena. Majani yakaziba mdomo wa kalvati, tope likajaa, na sasa upande wa juu wa tuta pamekuwa bwawa dogo msimu wa mvua. Tuta halikujengwa kuwa bwawa. Maji yanalowesha udongo, yanatafuta tundu la panya au mzizi uliooza, na siku moja mita 10 za tuta zinaondoka usiku mmoja.

Niliona hilo kwa macho. Njia ilikuwa mpya, changarawe imeshindiliwa vizuri, utepe umekatwa wiki sita nyuma. Mvua ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu nilisimama kwenye ukingo wa shimo lenye kina cha watu wawili, na chini yake kulikuwa na kalvati la matofali, zima kabisa, halina ufa hata mmoja, limezibwa na gogo na mifuko ya plastiki. Watu wawili wenye majembe wangelizibua kwa siku moja. Tangu siku hiyo sikubali kuchora uso wa njia kabla sijaona mwanga upande wa pili wa kila kalvati. Unainama, unachungulia, ukiona nuru, unaandika sawa. Usipoona nuru, hakuna lami.

Mitaro ya pembeni nayo ni hivyohivyo, hasa kwenye sehemu zilizochongwa ndani ya kilima, ambako maji hushuka pande zote mbili na kukaa. Hapo ndipo utakuta tope hata kiangazi. Fukueni mitaro ya zamani kabla ya kubuni mipya. Karibu kila mara ipo, chini ya magugu. Na penye mto mkubwa kuweni wakweli. Njia ya Katy huko Missouri, karibu kilomita 386, inafuata Mto Missouri kwa sehemu kubwa. Reli yenyewe ilisimamishwa mwaka 1986 baada ya mafuriko, na mafuriko ya mwaka 1993 yakaharibu sehemu kubwa ya njia iliyokuwa ikijengwa. Waliirudisha, na leo inapendwa mno, lakini anayejenga kando ya mto lazima atenge fedha ya kujenga tena.

Madaraja yenyewe huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Daraja lililobeba ekseli za tani 20 kila moja halitalemewa na wapita njia. Linalopaswa kukaguliwa na mhandisi ni nguzo zilizochimbwa na maji chini, kutu kwenye maungio, na mbao zilizooza. Baada ya hapo wekeni sakafu na kingo za pembeni zenye kimo cha kati ya mita 1.1 na 1.4 kwa ajili ya baiskeli, na hakikisheni gari la wagonjwa linaweza kupita, maana hilo ndilo gari zito mtakalokuwa nalo.

Hujataja handaki, kwa hiyo sitasema mengi, ila siwezi kupita hapa bila kuitaja njia ya Elroy-Sparta ya Wisconsin, ambayo wengi huihesabu kuwa reli ya kwanza kugeuzwa njia ya umma Marekani. Jimbo liliinunua mwaka 1965, kilomita 51, yenye mahandaki matatu, refu likiwa na mita 1,161. Ndani yake kuna giza totoro na maji yanadondoka kutoka juu hata jua likiwaka nje. Unashuka kwenye baiskeli, unawasha tochi, unatembea ukisikia matone na hatua zako mwenyewe mpaka nukta nyeupe ya mbele inakuwa mlango. Mahandaki yale yana milango mikubwa ya mbao. Zamani za reli, majira ya baridi, mlinzi aliifunga kati ya treni na treni ili barafu isipasue mawe, na mpaka leo hufungwa msimu wa baridi kwa sababu hiyohiyo. Walioigeuza njia hawakuondoa hekima ya walioijenga, na nawaomba nanyi mfanye vivyo. Jiwe la kilomita, nguzo ya ishara, jukwaa la stesheni, viacheni. Stesheni za zamani hasa ni sehemu za kupumzikia zilizokwisha kupangwa kwa umbali unaofaa.

Mataruma yaliyobaki yasichukuliwe kwa kuni wala kwa bustani ya mboga. Mengi ya mbao yalilowekwa kreosoti, mafuta meusi yanayohifadhi mbao. Utayajua kwa ile harufu kali inayoamka jua likipiga. Moshi wake ni sumu na mafuta yake huunguza ngozi. Tena, reli nyingi zilipigwa dawa za kuua magugu kwa miongo mingi, baadhi zikiwa na aseniki, na penye karakana au sehemu ya kujazia mafuta udongo unaweza kuwa umeingia sumu. Chukueni sampuli chache za udongo mpimiwe maabara, hasa karibu na stesheni. Mara nyingi suluhisho ni kufunika vizuri kwa tabaka safi na kutochimbachimba, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kokoto pale zilipo.

Ndiyo, ziacheni. Kokoto za reli ni msingi bora ambao hamwezi kuununua. Greda lizisawazishe, rola lizishindilie, kisha juu yake wekeni sentimita 10 hadi 15 za mawe yaliyosagwa, yenye vumbi lake ndani, kipande kikubwa kisizidi milimita 10. Vumbi ndilo gundi. Changarawe iliyochujwa ikawa safi itabaki inateleza chini ya magurudumu. Inamisheni uso kidogo, sentimita 2 kwa kila mita 1, ili maji yashuke pembeni. Upana mita 3. Ukiwa chini ya hapo, baiskeli mbili zinazopishana zitamsukuma mwenye mtoto mtaroni. Uso huo ukishindiliwa vizuri unapitika kwa kiti cha magurudumu, ni rafiki kwa magoti ya wakimbiaji, na hurekebishwa kwa koleo. Lami inafaa karibu na mji, penye watu wengi na baiskeli za kazini, na penye mwinuko unaomomonyoka. Kwa hiyo wenzako hawajakosea kuitaka. Wameiweka mapema mno.

Kama kuna mahali pa kutumia fedha nyingi, ni pale njia inapokata barabara ya magari. Hapo ndipo watu huumia. Dereva aliyezoea miaka 20 kwamba reli imekufa haangalii tena kushoto wala kulia. Ondoeni vichaka pembeni ili waonane mapema, inueni kivuko kidogo ili gari lipunguze mwendo lenyewe, na pangeni njia ifike barabarani kwa pembe ya mraba. Kamati nyingi hukimbilia kusimika nguzo ya chuma katikati ya njia kuzuia pikipiki. Mimi nazipinga. Mpanda baiskeli aliye nyuma ya mwenzake haioni nguzo mpaka amefika nayo kifuani. Afadhali igawanyeni njia iwe vijia viwili vyembamba kuzunguka kisiwa cha majani. Gari litashindwa kuingia, na hakuna atakayeumia.

Nilikuahidi habari ya wezi. Karibu kila mahali wenye mashamba hupinga kwa hoja hiyo kwanza, na ni hofu ya kweli, isidharauliwe. Lakini mwizi anapenda tuta lenye vichaka lisilo na mtu. Njia yenye watu wanaojuana wakipita asubuhi na jioni ina macho. Wapeni majirani kitu mkononi: vivuko vya mifugo na trekta, uzio penye nyumba karibu, na namba ya simu ya mtu wa kamati anayepokea kweli. Na waonyesheni mahali ambapo majirani wamefaidika. Sehemu kubwa ya reli ya Otago ya Kati huko New Zealand ilifungwa mwaka 1990, ikafunguliwa mwaka 2000 kuwa njia ya kilomita 152. Vijiji vilivyokuwa vinakufa kando yake vilipata wageni wa kulala, kula na kukodi baiskeli, na wenye nyumba za kulala wengine ni wakulima walewale wa pembeni. Hispania ilianza mpango wake wa njia za kijani mwaka 1993 na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000. Mojawapo ya njia hizo, huko Jaén na Córdoba, inafuata reli iliyosafirisha mafuta ya zeituni, na inapita kwenye madaraja ya chuma juu ya mashamba ya mizeituni yaleyale.

Basi ukiniuliza kipande cha kuonyesha watu kiwe kipi, maana nakubali watu wanahitaji kuona kitu: msichague kilomita iliyo karibu na nyumba ya mwenyekiti. Chukueni ile ramani ya rangi, tafuteni kilomita 3 hadi 5 za kijani mfululizo zinazounganisha sehemu mbili ambazo watu wanakwenda tayari, kama shule na makazi. Zibueni makalvati yake yote. Fyekeni, sawazisheni, shindilieni, na wekeni kibao chenye ramani ya kilomita zote 18, zile ambazo bado mkizichora kwa mstari wa nukta. Kisha mngoje mvua kubwa ya kwanza. Itembeeni siku hiyohiyo mkiwa na vigingi na rangi nyekundu, na kila mahali maji yamesimama au yamevuka juu ya njia, pigeni kigingi. Vigingi hivyo ndivyo orodha yenu ya kazi kwa mwaka wa pili. Lami mtaizungumzia mwaka wa tatu.